Maswali ya Wasomaji: Kuanza Maisha Ugenini

SWALI

Kwako Mshauri,

Mimi ni Mkenya, mama wa watoto wawili, mmoja wa miaka tisa na mwingine wa miaka mitano. Tulihama Nakuru miezi mitano iliyopita baada ya mume wangu kupata kazi hapa Arusha, na tumepanga nyumba Sakina. Nilipokuwa nikifunga mizigo nilijiambia kwamba ninakwenda kwa jirani tu, kwa watu ninaosikilizana nao lugha, na kwamba kazi yangu kubwa ingekuwa kuzoea fedha zao. Kumbe sivyo. Majirani hunisalimu kwa adabu kisha hupita zao. Mwenye duka hunihudumia wa mwisho. Wiki iliyopita nilimsikia mama mmoja akimwambia mwenzake kwamba "yule Mkenya ni mkali", ilhali sijagombana na mtu tangu nifike. Mume wangu naye aliponitambulisha kwa wenzake wa kazini akasema, "Huyu ni bibi yangu," wote wakaangua kicheko, na hadi leo hatujui kilichowachekesha.

Mtoto mkubwa, aliyekuwa wa kwanza darasani kule nyumbani, tulimpeleka shule ya msingi ya serikali na sasa anashika mkia katika hesabu. Mwenye nyumba, ambaye tulimlipa kodi ya miezi sita, anataka awamu hii tulipe ya mwaka mzima kwa mkupuo. Nilikuwa na saluni Nakuru na ningependa kufungua nyingine hapa. Msusi mmoja amejitolea leseni iandikwe kwa jina lake ili nisisumbuke na vibali. Je, nikubali? Na maji ya bomba ninayowachemshia watoto, yanatosha kuchemshwa tu? Kusema kweli, nimeanza kuwaza kurudi.

Mgeni wa Sakina, Arusha

JIBU

Dada yangu, karibu Arusha, ingawa karibu hii imechelewa miezi mitano.

Kuhusu leseni, jibu ni hapana, na ninalitanguliza kwa sababu mengine yote uliyoyaeleza yanaweza kusubiri, ilhali hili likikosewa linaweza kukufikisha mahakamani wewe pamoja na huyo msusi mwenye moyo mzuri. Amri iliyotolewa na Serikali mwezi Julai mwaka 2025 inawazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, na saluni imo, isipokuwa ile iliyo ndani ya hoteli au inayohudumia utalii. Zimo pia uwakala wa kutuma na kupokea fedha kwa simu, ufundi wa simu, na biashara ya jumla na rejareja isipokuwa ya supamaketi. Asiye raia anayeikiuka anakabiliwa na faini ya shilingi milioni 10 au kifungo cha hadi miezi 6, na kibali chake kinaweza kufutwa; raia aliyemsaidia anakabiliwa na faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miezi 3. Kumwazima mtu jina la kuandika kwenye leseni ndiko kumsaidia kwenyewe. Kenya ililalamika kwamba amri hiyo inakwenda kinyume na Itifaki ya Soko la Pamoja ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, na mimi binafsi naona hoja hiyo ina uzito. Lakini mahali pa kuibishania ni kule kwenye makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo kwa bahati yapo mjini hapahapa, na kiti chako cha kusukia hakistahili kubebeshwa mzigo huo.

Hujaeleza umeingia kwa kibali gani. Kama upo kwa pasi ya mtegemezi wa mume wako, pasi hiyo inakuruhusu kuishi naye, haikuruhusu kufanya kazi. Ukitaka kuajiriwa, mwajiri wako ndiye anayeomba kibali cha kazi kwa Kamishna wa Kazi, kisha Uhamiaji ndio wanaotoa kibali cha ukaazi cha daraja B. Mji huu una hoteli nyingi, na baadhi zina saluni. Ningekuwa wewe, ningeanza kubisha hodi huko nikiwa na picha za kazi zangu za Nakuru.

Tuje kwenye huo ukali wako. Umeponzwa na kitu ulichodhani kitakusaidia. Mtu aliyetoka China akikosea maneno sokoni, kila mmoja humvumilia na hata kumfundisha, kwa kuwa inaonekana wazi kwamba hajui. Wewe unazungumza Kiswahili, tena kwa ufasaha kama barua yako inavyoonyesha, na kwa hiyo kila neno lako linapimwa kwenye mizani ya mwenyeji. Ukifika dukani ukasema, "Nipe sukari kilo moja," kule Nakuru umeagiza sukari. Huku umetoa amri. Huku husemwa, "Naomba sukari kilo moja," hata kama fedha zipo mkononi na muuzaji ni kijana ambaye ungeweza kumzaa. Mimi nililijua hili kutoka upande wa pili wa mpaka. Niliwahi kuishi Nairobi kwa miaka miwili, na katika wiki ya kwanza nilimwambia kondakta wa matatu, "Naomba unishushe hapo mbele." Alinitazama kwa huruma, akanishusha, kisha akakataa kupokea nauli. Alidhani ninaomba, na kwa Kiswahili alichokizoea hakukosea.

Kabla hata ya kuomba kuna salamu, na hapo ndipo nadhani mwenye duka wako aliumia zaidi. Huku mtu haanzi na shida yake. Huanza na habari za asubuhi, za nyumbani, za tangu jana, na akimkuta mtu yupo kazini humpa pole na kazi, ndipo sukari itajwe. Jambo lote halichukui nusu dakika, lakini likirukwa huonekana kama umempita mwenyeji na kuingia ndani bila hodi. Kwa aliyekuzidi umri kwa dhahiri, salamu ni "Shikamoo", naye atakujibu "Marahaba". Wafundishe watoto wako leo hiihii, kwa maana mtoto wa miaka tisa akimpita mama wa jirani kimya, hakuna atakayemlaumu mtoto. Nao watoto wa majirani wakikuamkia wewe, itikia "Marahaba" bila kununa. Wapo Wakenya niliowaona wakidhani wanaambiwa wamezeeka. Halafu ukimkuta mtu anakula atakwambia "Karibu". Huo nao ni utu wa salamu, na kwa kawaida inatosha kujibu, "Asante, endeleeni."

Kicheko cha wale wafanyakazi ni chepesi kukieleza. Huku bibi ni yule ambaye nyinyi humwita nyanya, na nyanya ni ya kuungia mchuzi tu. Mume wako aliwaambia kwamba amekuja na mama wa mama yake, nao wakakuona mbichi namna hiyo. Aseme "mke wangu" na mambo yataisha. Sokoni nako uwe macho: minji huku ni njegere, waru ni viazi mviringo, maziwa ya mala ni mtindi, dania ni giligilani, na avokado ni parachichi. La kuangaliwa zaidi ni ndengu. Zile zenu za kijani sisi tunaziita choroko. Ukiomba ndengu pale soko la Kilombero utapewa dengu, ambazo ni punje nyingine kabisa, na utakesha jikoni ukisubiri ziwe laini kama za nyumbani.

Hata hivyo, ukirekebisha maneno pekee utakuwa umesafisha mlango bila kuufungua. Je, mlipohamia mlikwenda kujitambulisha kwa mwenyekiti wa mtaa? Kwa utaratibu wa huku, mgeni anayehamia, hata akiwa Mtanzania kutoka Mbeya, hutarajiwa ajulikane kwa mwenyekiti au mtendaji wa mtaa, na aghalabu kwa balozi wa nyumba kumi pia. Siku moja benki au ofisi nyingine itakutaka barua ya utambulisho, na mtu hawezi kukuandikia kwamba anakufahamu wakati amekuona kwa mara ya kwanza dakika tano zilizopita. Nendeni wote wanne, siku ambayo mume wako hayupo kazini. Kisha piteni nyumba tatu au nne za jirani mkaseme tu kwamba nyinyi ni wageni na mnaomba mfahamike. Najua mtaona haya kufanya hivyo baada ya miezi mitano. Semeni mlichelewa, mtasamehewa palepale na pengine mtapewa chai.

Zingatia pia misiba. Jirani akifiwa, turubai likafungwa na viti vikapangwa, wanawake wa mtaa huenda kukaa na wafiwa, hupika, huosha vyombo na hutoa rambirambi, na anayetoa elfu mbili huku akibaki kumenya viazi huhesabiwa kuwa mwenzao kuliko anayetuma fedha nyingi kwa simu. Kama katika miezi hii mitano kumekuwa na msiba jirani nawe hukufika, basi sehemu kubwa ya huo ukali uliousikia huenda inatoka hapo, wala haihusiani na duka. Ikiwa ni Mkristo, uliza jumuiya ya eneo lako. Wakatoliki wanazo na Walutheri wanazo, hukutana kila wiki kwa zamu katika nyumba za wanajumuiya, na ukishawapokea sebuleni kwako mara moja huwezi tena kuitwa "yule Mkenya". Utaitwa mama fulani, kwa jina la mtoto wako.

Mtoto wako hajawa mjinga. Kule kwenu amesoma hesabu kwa Kiingereza, na shule za msingi za serikali hapa hufundisha kwa Kiswahili masomo yote isipokuwa lugha zenyewe, kwa hiyo anapoulizwa eneo la mstatili au kipenyo cha duara anafeli neno kabla hajafika kwenye hesabu. Mnunulie kitabu cha Hisabati cha darasa la chini ya lake na mkisome pamoja jioni, mkitafuta maneno na kuacha majibu: kujumlisha, kuzidisha, kugawanya, sehemu, mzingo, pembetatu. Ninatarajia muhula mmoja, au miwili akiwa mtoto wa aibu. Akifika sekondari, ambako kila kitu hugeuka kuwa Kiingereza, wenzake ndio watakaohangaika.

Kuhusu kodi ya mwaka, mwenye nyumba wako hakuoni mgeni wa kukamuliwa. Ndivyo wengi wanavyodai, miezi sita au kumi na miwili, hata kwa wenyeji. Wenye nyumba wengi wa mji huu hujenga kidogokidogo, na kodi yako ya mkupuo mara nyingi ndiyo bati la nyumba inayofuata. Kwa sababu hiyohiyo anaweza kukubaliana nawe ukimpelekea tarehe badala ya kilio: miezi sita sasa, na miezi sita mingine siku fulani, yote yakiwa kwenye mkataba ulioandikwa na kushuhudiwa, na stakabadhi kwa kila malipo. Asikutajie dola. Tangu mwishoni mwa Machi 2025 kanuni zinakataza bei za ndani ya nchi kutajwa au kulipwa kwa fedha za kigeni. Halafu usimrudie dalali kwa jambo hili, la sivyo utamlipa kodi ya mwezi mwingine kwa kazi ya kuvuka ua. Ukiona umeme wa kwanza wa mwezi unapungua uniti, usidhani mita imeharibika: tangu mwaka 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, na kwa kuwa mwenye jengo ndiye anayedaiwa, una haki ya kumwomba aitoe kwenye kodi yako ya pango.

Maji nimeyaacha mwisho ingawa kwa mtoto wa miaka mitano si jambo la mwisho. Wewe uliyetoka Bonde la Ufa unayajua meno ya kahawia; ni madini yaleyale ya floridi, yanayotoka kwenye miamba ya volkano, na huku chini ya Mlima Meru yapo vyanzo vilivyoyapita kwa mbali miligramu 1.5 kwa lita, ambacho ni kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Kuchemsha huua vijidudu, lakini floridi hakuiondoi, na maji yakipungua kwenye sufuria ndiyo kwanza inakolea. Meno ya kudumu ya mtoto hujengeka ndani ya ufizi hadi kufikia miaka minane hivi, kwa hiyo doa likishaingia halitoki kwa mswaki. Uliza mamlaka ya maji bomba lako linatoka chanzo gani. Ukikosa jibu la uhakika, watoto wanywe na wapikiwe uji kwa maji yaliyopita kwenye chujio la mkaa wa mifupa, teknolojia iliyofanyiwa kazi miaka mingi na kituo cha utafiti cha Ngurdoto, au kwa maji ya mvua mliyoyakinga vizuri. Ya kuogea na kufulia hayana neno.

Kuhusu kurudi, niandikie tena ukishakwenda kwa mwenyekiti.

SWALI

Ndugu Mshauri,

Binti yangu amehitimu uuguzi na amepata ajira Leipzig, Ujerumani. Anaondoka mwezi ujao. Lugha amesoma na mkataba wa kazi anao, lakini chumba atajitafutia mwenyewe baada ya wiki za mwanzo. Ni mambo gani ya nyumba za huko ambayo hatayategemea? Mama yake naye anataka kumfungia ndizi na nyama ya kukausha ili asipate tabu ya chakula, nami sijui kama vitaruhusiwa.

Mzazi, Moshi

JIBU

Mzee wangu, shikamoo. Hongera kwa binti.

Kitakachomshangaza kwanza ni kwamba nyumba nyingi za kupanga Ujerumani hukabidhiwa bila jiko, na ninaposema bila jiko sina maana ya kukosa mtungi wa gesi. Hukuti hata sinki, makabati wala taa darini, kwa kuwa mpangaji aliyetoka ameondoka na vyake. Kwa mwaka wa kwanza atafute chumba katika nyumba ya kushirikiana na wengine, au atafute tangazo linalosema wazi kwamba jiko limo. Atasoma pia kuhusu kodi ya baridi na kodi ya moto. Ya baridi ni ya chumba kitupu. Ya moto imejumlisha kupasha joto na huduma nyingine, na aghalabu umeme huwa nje yake. Ajipime kwa ile ya moto, akikumbuka kwamba mwisho wa mwaka hupigwa hesabu ya matumizi halisi na anaweza kudaiwa nyongeza. Amana kisheria haizidi kodi tatu za baridi, na anaruhusiwa kuilipa kwa awamu tatu za kila mwezi. Wapo wenye nyumba wasiomwambia hivyo mgeni.

Akishahamia, ana wiki mbili za kwenda kujiandikisha katika ofisi ya manispaa, akiwa na fomu iliyosainiwa na mwenye nyumba. Hiyo ndiyo barua ya utambulisho ya kwao, na bila hiyo mambo ya kodi na benki hukwama. Kisha kila kaya hutozwa yuro 18.36 kwa mwezi kwa ajili ya redio na televisheni za umma, uwe na televisheni au usiwe nayo, hivyo barua ya madai ikija asiitupe akidhani ni utapeli. Jina lake lazima liandikwe kwenye sanduku la barua siku ya kwanza, la sivyo mtu wa posta atarudi na barua zake, zikiwemo za Uhamiaji.

Kuhusu upweke, ninamwonea huruma kwa Desemba, wakati jua huchwa saa kumi jioni na Jumapili maduka karibu yote yamefungwa. Majirani hawatakuja na chai. Ni desturi yao kwamba mgeni ndiye anayegonga na kujitambulisha, na baada ya saa nne usiku wanataka kimya. Ninyi watu wa Kilimanjaro mna mlango mmoja ambao wengine hawana: Misheni ya Leipzig, iliyowaleta wamisionari wa Kilutheri Machame mwaka 1893, bado ipo katika mji huohuo na bado ina uhusiano na KKKT, kanisa la Kilutheri la Tanzania. Mchungaji wenu anaweza kumwandikia barua.

Nyama ya kukausha mama aiache, pamoja na mtindi na samli, kwa kuwa Umoja wa Ulaya haumruhusu msafiri kuingia na nyama wala maziwa kutoka kwetu. Matunda na mboga huhitaji cheti cha afya ya mimea, isipokuwa matano tu, ambayo ni nanasi, nazi, tende, duriani na ndizi. Kwa hiyo afungiwe ndizi mshare za kutosha, zingali mbichi, na nyama ya mtori atainunua hukohuko.